Dawa ya Oktoba Niliyowapa Watoto wa Kanisa Mwezi wa Machi

Nianze kwa kukiri, nisije nikaambiwa nimeficha: mimi ndiye niliyelaza watoto wa kanisa zima mbele ya mimbari, Jumapili, mchana kweupe, na mmoja wao akapiga mwayo kwenye maikrofoni. Ukipita Hockley, mtaa mmoja wa huku kwa Waingereza, ukakuta Wakenya na Wakongo wanacheka pamoja nje ya lile jengo la karakana tunalokodi kwa ibada, kuna uwezekano mkubwa wananicheka mimi. Nimezoea. Mke wangu Nekesa anasema bado sijaaibika vya kutosha, kwa hiyo nasimulia tena, pengine mara hii itatosha.

Si mnajua hii nchi ina tabia ya kuchezea saa. Kwetu Bungoma jua linachomoza wakati wake Januari hadi Disemba, halina maringo, kuku wanajua, watoto wanajua, na hakuna serikali inayoamka siku moja ikasema saa mbili ya jana leo iwe saa tatu. Hapa mwezi wa kumi wanairudisha nyuma, mwezi wa tatu wanaisukuma mbele, wewe na watoto wako mtajijua. Mama mkwe nilipojaribu kumweleza kwa simu mara ya kwanza (kupitia kwa Nekesa, nitawaambia kwa nini) aliuliza tu, "Inasogezwa na nani?"

Sasa, Oktoba kabla ya mkasa huu, mama mmoja Mwingereza ambaye huwa tunakutana mlangoni pa chekechea ya mwanangu Eli aliona macho yangu yalivyokuwa mekundu akanihurumia. Akaniambia, hii saa ikikaribia kurudi nyuma, wacheleweshe watoto kulala kidogo kidogo kila jioni, ile siku ikifika miili yao itakuwa imeshazoea. Nikafanya hivyo. Wallahi (na mimi ni Mkristo, lakini hapa lazima niape) Jumapili ile Zawadi, binti yangu wa miaka mitano, na Eli wa miaka mitatu waliamka na saa mpya kama waliozaliwa nayo, huku kanisani wazazi wenzangu wamekuja wamevimba nyuso kwa sababu watoto wao waliamka kabla ya ndege. Mimi nikipata ushindi mdogo huwa siwezi kukaa nao nyumbani. Nilitangaza kwa kila mtu, mpaka kwa fundi wa vipaza sauti ambaye hana mtoto, na kufikia Krismasi walikuwa wananiita Daktari. Kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee kule Newtown, sindano sijawahi kushika, lakini jina lilinikaa nikaliacha likae.

Mwezi wa pili mama mkwe akaja kututembelea. Hapa nieleze kwa wale ambao si wa kwetu: mkwe na mama mkwe hawaongei ovyo, hawapeani mkono, na zamani mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa nyumba yetu Kingstanding ina ujia mwembamba ambao watu wawili hawapishani bila mmoja kupanda ngazi, na choo ni kimoja. Kichaka kiko wapi? Kwa hiyo tukaishi kwa kukohoa. Nikitaka kushuka nakohoa, naye akitaka kutoka jikoni anakohoa, jirani lazima alidhani tuna kifua kikuu. Na akitaka kuniambia jambo alimwambia mtoto, na kama mtoto hayupo aliliambia birika, nami nikasikia nikiwa sebuleni, nikashukuru ukutani.

Lakini kilichomuuma hakikuwa mimi. Kilichomuuma ni wajukuu. Zawadi na Eli wanaelewa Kiswahili chote, hata kile cha kusengenya, ila ukiwauliza kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza. Kukhu (ndivyo tunavyomwita bibi kwetu) anauliza, "Mmekula?" anajibiwa, "Yes, Kukhu." Anauliza, "Mnanipenda?" anajibiwa, "Yes, Kukhu." Yeye Kiingereza chake ni cha sokoni, kinahesabu tu. Siku moja nilimkuta Nekesa jikoni anafuta macho kwa kitambaa cha sahani, nikamuuliza kuna nini, akasema, "Mama ameniambia wajukuu wake ni kama televisheni ya hapa. Wanapendeza kuangalia, lakini hawaongei naye."

Hapo ndipo Nekesa alipotunga ngonjera. Shairi la kujibizana, la Kiswahili safi, la watoto wote wa kanisa, la kumuaga Kukhu Jumapili ya mwisho kabla hajapanda ndege. Zawadi ndiye angefungua peke yake, kisha wengine wadakie. Nekesa ni muuguzi, akabadilishana zamu na wenzake, akachukua zamu za usiku wiki mbili mfululizo ili ile wikendi awe huru, na kila jioni kabla ya kutoka aliwafanyisha mazoezi, huku sare yake imeshapigwa pasi iko begani. "Nataka mama arudi na kitu kimoja tu," aliniambia, "asikie mtoto wangu akimwambia jambo kwa Kiswahili. Vitu vingine vyote atavigawa akifika."

Sasa ni nani aligundua kwamba Jumapili ile ile ndiyo saa inasukumwa? Mama Gloria, Mkongo wa Bukavu, ana watoto wanne na sauti ya watu wanane. Aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp (Nekesa hayumo, anasema lina kelele): watoto watakuwa wamechoka, tutafanyaje? Na watu wakaanza kujibu, muulizeni Daktari, Daktari yuko wapi, Daktari amelala.

Hebu nisimame hapo kidogo, kwa sababu kila kitu kilitokana na hapo. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, sina kazi, chai iko mkononi. Ningeweza hata kumuuliza Nekesa. Lakini mtu akiitwa Daktari mara tatu mfululizo akili inapanda juu inakaa kichwani peke yake kama kofia. Nikabonyeza ile alama ya kurekodi sauti, nikakohoa kidaktari, nikasema: "Wapendwa, Bwana asifiwe. Msihangaike. Dawa ni ile ile ya Oktoba. Kila jioni mcheleweshe mtoto kidogo, kesho kidogo tena, na Jumapili ikifika atakuwa amezoea. Msimwonee huruma akitaka kulala mapema. Mungu awabariki." Nikatuma. Zikaja alama za mioyo na mikono ya kuomba na makofi mpaka simu ikapata joto.

Najua nyinyi wenye akili mmeshaona. Oktoba saa inarudi nyuma, Machi inaenda mbele. Ni kama daktari aliyempa mtu dawa ya kufunga tumbo, ikamponya, halafu mwaka uliofuata mtu yule yule akaja hajaenda choo wiki nzima, naye daktari akampa dawa ile ile. Lakini mimi nimezaliwa mahali ambapo saa ni saa. Kichwani mwangu kulikuwa na ugonjwa mmoja tu unaoitwa "wamegusa saa," na dawa yake nilikuwa nayo.

Tukaanza. Nekesa akitoka kwenda kazini, usiku ni wangu, na mimi kazi yangu ni kuchelewesha; asubuhi akirudi anaanguka kitandani, haoni kitu. Wiki ya kwanza watoto walifurahi sana, yaani walinipenda kuliko wakati wowote. Tulicheza karata, tukapika chapati, tukajenga daraja la mito kutoka kochi hadi dirishani. Wiki ya pili ikawa vigumu hata kuwaamsha kwenda shule, Eli akawa anavalishwa soksi bado anaota, na Zawadi, mtoto mpole, akamwambia mwalimu wake anyamaze. Kwenye kundi nako wazazi wakaripoti: wangu yuko macho bado, wangu anarukaruka kitandani, wangu anataka wali. Nikawajibu wote, "Ni dawa inafanya kazi."

Kukhu aliona. Siku moja nikiwa sebuleni nikamsikia jikoni, sauti imeinuliwa kidogo ipite ukuta, akisema, "Zawadi, mwambie baba yako mtoto akikesha na bundi, asubuhi ni bundi utamvalisha sare." Zawadi akaja mlangoni akaniangalia, macho mekundu, akasema, "Daddy, Kukhu said something about an owl," akaenda zake. Nami nikajisemea, masikini, mambo ya saa za Ulaya atayajulia wapi. Nikaongeza muda kidogo tena jioni ile.

Jumamosi wageni walijaa kumuaga Kukhu, watoto wakakimbia huku na huko mpaka wageni wenyewe wakasinzia kabla yao. Na asubuhi yake saa ikasukumwa mbele na tukatakiwa tuwe kanisani mapema kwa mazoezi ya mwisho.

Kumwamsha Zawadi ilikuwa kama kuamsha gunia la mahindi. Nilimwita, nikamtekenya, nikafungua dirisha. Nilimvalisha gauni lake jipya akiwa amelala chali, nikampiga mswaki akiwa amelala, akatema akiwa amelala (sikujua inawezekana). Nekesa alikuwa anamsuka Kukhu chumba cha pili, ameamka na furaha, anaimba, akauliza, "Wako tayari?" nikasema wako tayari kabisa. Kwenye gari wakaanguka kila mmoja upande wake. Nikawaza ni kawaida, ni gari, gari linalaza hata watu wazima.

Tulipofika Hockley ndipo nilipoanza kuogopa. Maana mlangoni kulikuwa na foleni ya wazazi, na kila mzazi amebeba mtoto begani, na kila mtoto kichwa kinaning'inia. Hakuna aliyetembea kwa miguu yake. Ungedhani ni zahanati. Mama Gloria aliponiona alimweka wake wa mwisho juu ya meza ya chai, akashika kiuno.

"Baba Zawadi, iko nini hii? Batoto bangu bote bako sawa na batu balikunywa pombe. Mi nilifuata dawa yako kila siku, vraiment, kweli kabisa, kila siku!"

"Itaisha," nikasema. "Ni hatua ya mwisho ya dawa."

Nekesa akageuka. Alikuwa ameshika kofia za karatasi za watoto, za dhahabu, alizikata mwenyewe. Akaniuliza polepole, "Dawa gani?"

"Ile ya Oktoba."

"Ulikuwa unawachelewesha?"

"Wiki mbili," nikasema, na nakumbuka nilisema kwa fahari kidogo. Nekesa aliinua vidole vyake, akavisogeza upande huu, akavisogeza upande ule, nami nikamfuata kwa vidole vyangu, tumesimama pale kama watoto wa darasa la kwanza, na mahali fulani kati ya kidole cha pili na cha tatu nikaelewa. Nilihisi jasho linashuka mgongoni na hita hazijawashwa. Nilikuwa nimewapeleka watoto mbali na saa, kisha saa nayo ikaondoka kwenda upande wake.

"Wafula," akasema, na akaniita jina langu, siyo Baba Zawadi, "mama anaondoka Jumanne." Hapo hakucheka. Na mimi pia sikucheka, nawaambia ukweli, moyo uliniuma. Kazi yake ya usiku, mazoezi yake, kofia zake, vyote nilikuwa nimevichezea kwa dakika moja ya sifa.

Tukajaribu. Tuliwanawisha nyuso kwa maji baridi, tukawapa juisi, Mama Gloria akawachezesha ile densi ya kwao ya kutikisa mabega. Wakafunguka macho. Nikasema pengine Mungu yupo upande wangu. Halafu ibada ikaanza, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi na ni baridi, mchungaji akawasha hita zote.

Mchungaji wetu ni mzee Mkongo wa Uvira, mpole, anapenda mambo ya watoto kuliko mahubiri yake mwenyewe. Akawaita mbele, Kukhu akakalishwa kiti cha mbele kabisa na leso yake mpya ya kujitanda, watoto wakapangwa mstari na kofia za dhahabu, Zawadi katikati mbele ya maikrofoni. Nekesa amepiga magoti chini ya jukwaa, anatamka kwa midomo mstari wa kwanza. Zawadi akafungua kinywa.

Akapiga mwayo. Mwayo mrefu, kwenye maikrofoni, ukajaa ukumbi wote. Na nyinyi mnajua mwayo ulivyo. Ukapita kwa jirani yake, ukapita kwa mwingine, ukafika mwisho wa mstari ukarudi. Eli akakaa chini. Akaona sakafu ina zulia, akalala. Msichana mmoja akaona Eli amelala akamwekea kichwa tumboni. Mtoto wa mwisho wa Mama Gloria yeye alisinzia wima, akaegemea taratibu stendi ya matoazi ya mpiga ngoma, ikaenda naye chini, na kishindo kilichotokea pale sijawahi kukisikia hata kwenye karakana za Hockley. Watoto waliolala wakaamka kwa hofu, waliokuwa macho wakaona wenzao wanalia wakalia pia, na kofia za dhahabu zikabaki zinakanyagwa.

Wazazi wakakimbilia mbele. Na katikati ya kilio hicho mchungaji, akidhani anasaidia, akasema kwenye kipaza sauti, "Banasema kuna ndugu alitoa mafundisho ya usingizi. Aje atueleze."

Nikaenda. Ningefanya nini? Nilisimama pale mbele ya watu, mbele ya mama mkwe ambaye sijawahi hata kumtazama usoni, nikaanza kueleza kwamba saa ikienda mbele mtoto anatakiwa alazwe mapema, na ikirudi nyuma acheleweshwe, na mimi nili... nikageuza mikono kuonyesha mbele na nyuma, na kumbe nimegeuza tena vibaya, na mzee mmoja Mkenya akapiga kelele kutoka nyuma, "Daktari, hiyo ni ya Oktoba!" Kanisa likavunjika. Watu walicheka mpaka wengine wakadondoka kwenye viti. Mchungaji alikuwa ameshika mimbari kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na Mama Gloria analia machozi ya kicheko huku bado ananilaumu, "Aii, Docteur, aii." Mimi nilibaki na maikrofoni, nikicheka ile ya mtu asiye na mahali pa kwenda.

Ndipo nikamwona Zawadi. Alikuwa ameshuka jukwaani peke yake, kofia imemfunika jicho moja, hajali kelele, hajali mama yake anayemtamkia mstari wa kwanza kwa midomo. Akaenda moja kwa moja mpaka kiti cha mbele. Akaweka mikono yote miwili magotini mwa Kukhu, akasema, na maikrofoni niliyoshika ilikuwa karibu nao, hivyo sote tulisikia vizuri:

"Kukhu, nimechoka. Nibebe."

Hivyo tu. Hakuna aliyemfundisha. Haikuwa kwenye ngonjera. Kukhu akasimama, akavua leso yake mpya, akainama, na kwa mwendo mmoja mtoto wa miaka mitano mwenye miguu mirefu akawa mgongoni, amefungwa, amelala kabla ya fundo. "Nimekubeba, mama," Kukhu akamwambia. "Nimekubeba, lala." Eli naye akafumbua macho pale zuliani akanyoosha mikono, "Na mimi," na Kukhu akamchukua kifuani. Akaanza kutembea nao pale mbele, akipiga piga, akiwaimbia kitu cha kwetu cha chini chini. Kina mama wa Kikongo wakaona hivyo wakavua vitenge vyao wakabeba wa kwao, wa Kenya nao wakafuata, na mchungaji akasema mahubiri yatangoja, mpiga kinanda akamfuata Kukhu polepole. Ibada yote ikawa hiyo, wanawake wanatembea na watoto migongoni. Nekesa alibaki amepiga magoti pale pale chini ya jukwaa, analia na kucheka, nikaenda nikapiga magoti kando yake, akanipiga kofi la bega na kisha hakuondoa mkono.

Kukhu aliponipitia alisimama. Akanitazama usoni, jambo ambalo si la kwetu hata kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe usiguse saa tena." Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Na sijagusa. Machi na Oktoba zikikaribia namkabidhi Nekesa simu yangu, na wazazi wakiuliza kitu kwenye kundi yeye ndiye anayejibu, mimi naosha vyombo. Nimeapa, na kiapo hiki nakitunza: sitatoa ushauri wa usingizi kwa binadamu yeyote, hata akiwa mtu mzima, hata akiniomba kwa machozi. Kukhu akipiga simu sasa anaomba apewe Zawadi, na wawili hao wanaongea, sentensi mbili tatu za Kiswahili, basi, kisha Zawadi anarudi kwenye Kiingereza chake. Na mkiniuliza kama najuta nilichofanya siku ile, Nekesa akiwa karibu anasikia nitawajibu kwamba najuta sana.